Kidole Gumba cha Mama Mkubwa

Kila mwaka, nikifika kwenye somo la namna seli inavyogawanyika, naingia darasani na bakuli la unga uliochachuka. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanajua tayari, maana wakubwa zao wamewasimulia, na wale wanaokaa nyuma huanza kuuliza mafuta yako wapi. Nawaambia mafuta hakuna, hii ni biolojia, anayetaka maandazi akanunue kwenye maegesho ya malori kama watu wengine. Kisha navua saa, nakunja mikono ya gauni, nachota unga na kuuminya ndani ya ngumi.

Mtu aliyekulia Kolwezi ameliona jambo hili tangu hajaota meno. Ngumi inaminya, na juu, kati ya kidole gumba na kile cha pili, unga unatokeza kichwa. Kichwa kinavimba, kinakuwa duara, chini yake inabaki shingo. Mpishi anafunga kidole gumba, shingo inakatika, duara linatumbukia kwenye mafuta. Ndiyo maana maandazi ya kwetu ni ya mviringo na si ya pembe kama ya watu wenye meza na kisu.

"Nani amekata shingo?" nawauliza.

"Kidole, madamu!"

"Na seli, ina kidole?"

Hapo wanaanza kutazama vidole vyao, na mimi nafurahi, maana mwalimu naye ana starehe zake. Seli ikijigawa kuwa mbili haimalizi kazi kwa mkupuo mmoja. Inajibana kiunoni mpaka zinabaki seli mbili zilizoungana kwa daraja jembamba sana la utando. Daraja hilo halikatiki lenyewe. Kuna protini ndogondogo zinazokusanyika ndani ya shingo, zinajipanga kama kamba iliyozungushwa, zinakaza, zinakaza, mpaka utando unajifunga huku na huku na kila seli inakwenda zake. Kidole changu kinakata kutoka nje. Seli inajikata kutoka ndani. Nawaambia waandike hilo, kwa sababu bakuli langu linadanganya kidogo.

Kisha nawaeleza habari ya mwizi. Virusi vya ukimwi, vikishatengenezwa ndani ya seli, lazima vitoke, na kutoka ni kazi. Vinausukuma utando mpaka unatokeza kichwa, kama unga huu, lakini mkasi wa kukata shingo havina. Basi vinawaita wakataji wa seli yenyewe, walewale wa daraja, wavikatie. Ukiwazuia wakataji wasije, virusi vinabaki vimening'inia mlangoni kama mgeni anayeaga bila kuondoka. Wanafunzi hucheka, kwa sababu kila mmoja ana mjomba wa namna hiyo.

Na protini hizo zilijulikana kwanza wapi? Ndani ya hamira, ileile ya kuchachusha unga. Mama yangu nilipomwambia hakushangaa hata kidogo. Kwake yeye hamira ina kila kitu.

Nilizaliwa Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga. Babu aliletwa kutoka Kasai, mkoa mwingine, kufanya kazi mgodini, baba akazaliwa hapa, akawa fundi katika karakana ya kampuni, na mimi nikafuata. Kasai yenyewe nilikuwa naijua kama ninavyoujua mwezi. Lugha ya huko niliisikia nyumbani wazazi walipogombana tu, kwa hiyo mpaka leo najua matusi mengi kuliko salamu.

Ukuta kwa ukuta na sisi aliishi mwanamke wa kutoka Katanga ya kaskazini, ambaye mume wake alifanya kazi karakana moja na baba. Undugu wa damu haukuwepo. Tulimwita Mama Mkubwa kwa sababu alimzidi mama umri, na mama alimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu dada wa kumzaa hakuwa naye karibu. Mgodi ulipoanza kuporomoka na mishahara ikawa hadithi, wale wawili waliunganisha nguvu na kuanza kupika maandazi. Mama aliminya, Mama Mkubwa aligeuza kwa spoku ya baiskeli. Hakuna aliyemruhusu mwenzake aguse kazi yake. Mama alisema yaya ana mkono mzito, na Mama Mkubwa alisema mdogo wake angeunguza hata maji.

Maduka yalipoporwa, hamira ya paketi ikatoweka mjini. Wao hawakutishika. Kila jioni walibakiza unga kidogo chini ya ndoo ya bluu, na huo ndio uliochachusha wa kesho. Tuliuita chachu. Ililala kwetu wiki hii, kwao wiki ijayo, na ilihudumiwa kama mgonjwa: inafunikwa kwa nguo safi, inaondolewa kwenye upepo, inalishwa unga na maji ya uvuguvugu kabla sisi watoto hatujala. Wanawake wa mtaa mzima walikuja kuomba. Kulikuwa na utaratibu, na hakuna aliyekumbuka nani aliuweka: kisu hakitumiki. Mwenye chachu anaminya, lakini anayepokea ndiye anayefunga kidole chake mwenyewe kwenye shingo na kukata. Yeye ndiye anayejua ataweza kulisha kiasi gani.

Halafu maneno yakabadilika. Tulianza kusikia kwamba watu wa Kasai warudi kwao, na vijana wakapita mitaani wakituita bilulu, yaani wadudu. Ningependa kusema walitoka mbali. Mmoja wao alikuwa anakula maandazi yetu kila asubuhi na kugombana na mama kwamba ni madogo. Baba alifukuzwa kazini. Nyumba ilikuwa ya kampuni, na mwanamke mmoja, ambaye mume wake alikuwa amekwisha kuahidiwa nyumba hiyo, alikuja kupima madirisha yetu kwa ajili ya mapazia, sisi tukiwa bado ndani. Mama alimshikia upande wa pili wa kamba ya kupimia. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia asingeweza kumwacha mtu apime vibaya.

Watu wa Kasai walikuwa wanahamia kwenye stesheni kungoja treni, na baba aliamua na sisi twende. Ndipo Mama Mkubwa alipotoa wazo lake. Nililisikia nikiwa nyuma ya jiko, naosha sufuria ambayo ilikuwa imekwisha kutakata.

"Muniachie huyu mukubwa," alimwambia mama. "Amebakiza mwaka moja tu kumaliza masomo. Kule muko naenda, hamuyue hata mutalala wapi. Mi nitasema ni mutoto yangu."

Nilisikia tu mama akipiga unga, pa, pa, pa, kwa nguvu kuliko ulivyostahili.

Basi hilo ndilo lililokuwa juu ya kichwa changu tangu siku ile: naenda na wetu, au nabaki Kolwezi nimalize shule yangu ya biolojia na kemia nikiwa mtoto wa mtu mwingine. Nilitaka yote mawili. Niliwakasirikia wote wawili kwa kutoniuliza, na kama wangeniuliza ningewakasirikia zaidi.

Siku ya kuhama, baba alikuwa anafunga magodoro juu ya mkokoteni huku wanawake wakigombana jikoni. Ugomvi ulihusu ndoo.

"Kamata yote," alisema Mama Mkubwa.

"Na weye utapika nini, yaya?"

"Mi niko kwangu. Sitakosa."

"Tunagawa," alisema mama, na akaingiza mkono.

Akaminya. Unga ukatoka juu ya ngumi, mkubwa, mzuri, ukavimba juu ya sufuria ya Mama Mkubwa. Kwa utaratibu wetu ilikuwa zamu ya Mama Mkubwa kukata. Alileta kidole chake, akakiweka kwenye shingo, na kidole kikakaa palepale. Hakikufunga. Mama naye hakufungua ngumi. Unga ukaanza kurefuka kati yao, ukawa mwembamba, na wote wawili walikuwa wanauangalia kana kwamba haukuwa wao. Baba akapiga kelele kutoka nje kwamba jua linakwenda. Mwishowe unga ulianguka kwa uzito wake, bila kukatwa na mtu. Mama Mkubwa alifunika sufuria, akasema kwamba mdogo wake ameutia chumvi nyingi kama kawaida.

Stesheni haikuwa mahali pa kukaa watu, lakini watu walikaa. Familia zilijenga vyumba kwa makabati na mashuka, na baba, fundi hata katika balaa, alitutengenezea mlango kwa kitanda kilichosimamishwa. Treni ilikuwa inakuja kesho, kila siku. Mama aliwasha mbabula yake ya makaa na kupika maandazi siku ya pili tu, na wanawake wengine wakaja kuomba chachu, tena kwa utaratibu uleule, kila mmoja na kidole chake. Baada ya muda mfupi stesheni nzima ilinuka mafuta ya moto.

Ilinuka na mengine. Surua ilipita pale, ikachukua watoto wa watu, na kuna mama mmoja jirani yetu wa mashuka ambaye bado siwezi kumsimulia. Baadaye, nilipojifunza habari za wale wakataji wa shingo, nilitafuta kama surua nayo inawatumia ili itoke kwenye seli, maana nilitaka mtu wa kumlaumu. Yaonekana haiwahitaji; ina njia yake. Nilivunjika moyo, ingawa ni ujinga kukasirikia protini.

Mama Mkubwa alikuja kila siku. Kwake haikuwa salama, kwa sababu vijana walisimama kwenye lango na kuuliza kila mtu anampelekea nani nini. Alifika na kifurushi cha unga kichwani, akiwa amenyooka kama anakwenda kanisani.

"Mama, unabeba nini?" walimuuliza.

"Sumu ya bilulu," aliwajibu. "Nabapelekea bakule."

Walicheka sana wakamfungulia njia. Kila siku sumu, kila siku walicheka. Mama alipika sumu ile na kuwauzia maandazi vijana haohao wa langoni.

Siku moja asubuhi Mama Mkubwa hakuja. Mama aliniambia niende kwake kuchukua unga mimi mwenyewe, nipite njia ya nyuma, na nikiulizwa niseme mimi ni mtoto wa Mama Mkubwa. Alivua kitenge chake kipya, kile cha kanisani, akanifunga kichwani na mabegani.

"Jua kali," alisema.

Mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri, lakini mama yangu hakuwa mtu wa kubishana naye. Alinivuta kitenge huku na huku, akarudia fundo, akalifungua, akalifunga tena. Nilimwambia mama, nakwenda kuchukua unga, siendi kuolewa. Akaniambia niende basi.

Kwa Mama Mkubwa nilikuta unga uko tayari mezani, mweupe, laini. Akanipa chekeche.

"Chekecha."

"Mama Mkubwa, ni safi."

"Chekecha tena, ni ya mwaka jana."

Nikachekecha. Akaniambia nirudie. Nikarudia, nikinung'unika, huku yeye amesimama mlangoni amenipa mgongo. Ndipo tuliposikia treni inapiga honi, mara ya kwanza tangu familia yetu ihamie stesheni. Niliacha chekeche. Mama Mkubwa hakugeuka. Honi ikalia tena. Aligeuka ghafla, akanikamata mkono kwa nguvu zote za mkono ule mzito, na tukatoka mbio bila kufunga mlango, mimi mweupe kwa unga mpaka kwenye kope.

Hatukufika stesheni. Tulipofika kwenye barabara inayofuata reli, tulimwona mwanamke anakuja mbio upande wetu, miguu mitupu, na nyuma yake treni ilikuwa inaondoka na baba na wadogo zangu, mbabula yetu, magodoro, na ndoo ya bluu. Alikuwa mama. Tulikutana katikati ya njia. Mama Mkubwa alikaa chini kwenye vumbi, akavua kiatu kimoja na kukitikisa, ingawa sidhani kilikuwa na jiwe.

Tulifuata kwa treni nyingine, mama na mimi, baada ya kujificha kwa Mama Mkubwa na kula sumu yake. Tulimkuta baba pamoja na wadogo zangu Mwene-Ditu, huko Kasai, kwenye uwanja wa stesheni, na jambo la kwanza alilofanya ni kujitetea. Kumbe aliogopa chachu isimwagike, akafunga kifuniko cha ndoo kwa waya, kifundi kabisa, katika behewa lililojaa joto la watu. Njiani, karibu na Lubudi, ndoo ilipasuka. Abiria mmoja alidhani wamepigwa bomu. Baba alikwangua unga kwenye dari, kwenye godoro na kwenye koti la mzee mmoja wa watu, akaulisha kwa unga wa muhogo aliouomba kwenye vituo, na alipotukabidhi ile ndoo yenye ufa alikuwa analia. Mama alinusa. Alisema inanuka koti, lakini iko hai.

Kasai tulianza upya kwa maandazi yale. Nilimaliza shule huko, baada ya kupoteza muda, nikasoma ualimu, na mambo yalipotulia nikarudi Kolwezi kufundisha. Mama alikataa kurudi. Nilikuta mji wa pikipiki na malori ya madini, na Mama Mkubwa, mjane sasa, anapika maandazi penye malori na chachu ileile, spoku ileile. Mkono wa kuminya hakuwa nao tena kwa sababu ya baridi yabisi, na zamu ya mama ikawa yangu. Ninaminya, yeye anageuza na kulalamika.

Familia yetu ilikuwa imekwisha kuitengeneza hadithi ya siku ile. Mama alikataa kupanda treni kwa sababu binti yake alikuwa ametumwa unga. Alingoja, treni haikungoja. Tuliisimulia kwenye harusi.

Jumamosi moja mwaka huu nilikuwa kwa Mama Mkubwa, naminya, na mama alikuwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari, sauti juu, kwa maana wote wawili sasa wanasikia wanachotaka. Nilikuwa na habari mpya ya kuwapa. Nilikuwa nimesoma jambo ambalo lilinikosesha utulivu kwa furaha. Kumbe wale wakataji wa daraja hawakati ovyo. Kama bado kuna kipande kimebaki katikati ya daraja, kipande cha ule urithi ambao seli mbili zilipaswa kugawana, kazi inasimamishwa. Wameshafika, wameshajipanga, lakini hawakazi. Wanangoja kwanza kivuke.

"Sasa unaona, mama," nilimwambia, "ni kama weye siku ile stesheni ulivyoningojea."

Nikaminya unga juu ya sufuria.

"Nani alikuambia nilikungojea?" alisema mama.

Spoku ya Mama Mkubwa ikasimama.

"Nilikutuma unga juu ya kusikia treni ni ya leo," alisema mama. "Tulikuwa tumepatana na yaya. Ubakie, umalize masomo. Nilitaka usione tukienda. Mi nilikuwa nimepanda, mwanangu. Nilikuwa nimeketi, treni inatembea. Kisha miguu ikashuka."

Nilimtazama Mama Mkubwa.

"Ule unga nilikuwa nimeuchekecha mi mwenyewe asubuhi," alisema, bila kuniangalia. "Yeye aliniambia nikuchelewese. Mi sikuweza."

"Mi ndiyo nilianza kutoka!" simu ikapiga kelele.

"Aba! Mi nilikuwa nimefika pa barabara, weye ungali kule mbali na miguu butupu!"

"Weye uliketi chini!"

"Niliketi juu ya kuwa nilikuwa nimefika!"

Waliendelea hivyo, wanawake wawili wazee, wakigombana nani alishindwa mapema zaidi, na mafuta yakaanza kutoa moshi. Mimi nilikuwa nimesimama na ngumi juu ya sufuria, kichwa cha unga kimevimba, shingo imerefuka, na kidole changu hakijafunga.

"Mama," nilisema walipopumzika kidogo. "Kile kitenge."

"Kitenge gani?"

"Cha kanisani. Ulichonifunga, kumbe unaniachia. Ulisema jua kali."



"Jua ilitoka wapi?" alisema mama. "Siku ile kulikuwa mawingu."